Kopo la Bolti Lisiingie Kwenye Breki

Kila nyumba yetu niliyowahi kuingia, iwe Mombasa, Muscat au hapa Doha, ina kopo la bolti. Wengine hutumia kopo la maziwa ya unga, wengine la samli, wengine ndoo ya rangi iliyokwisha. Ndani mna bolti za kitanda kilichovunjwa, nati za baiskeli ya mtoto ambaye sasa keshaoa, skrubu za kabati, washa za bomba. Hatutupi, maana "iko siku itafaa". Na kweli hufaa. Mlango ukilegea au meza ikicheza, unatia mkono, unatoa kitu, kazi imekwisha.

Mimi sina ugomvi na kopo hilo. Ugomvi wangu ni pale mkono unapoingia koponi kutafuta bolti ya breki.

Nasema haya sasa kwa sababu joto limepungua na msimu wa kashta umefika. Kila Alhamisi jioni utaona magari yanapakiwa mahema, majiko na watoto, yakielekea Sealine na Khor Al Adaid. Na vijana wetu wengi wameingia kwenye mapenzi ya magari ya zamani: Land Cruiser za miaka ya 90, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania wakiziita mashangingi, na Nissan Patrol za rika hilohilo. Wananunua gari lililochoka, wanalivua mpaka mifupa, wanalirudishia uhai wake. Ni jambo zuri. Kijana anayeshinda Ijumaa yake chini ya gari simlaumu hata kidogo. Mimi nataka tuzungumze juu ya kile anachokirudishia.

Mtoto wa ndugu yangu ni mmoja wao. Miezi minane amekuwa akilitengeneza Land Cruiser lake pale uwani. Rangi mpya, viti vipya, injini imeimbishwa. Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, aliniita nikaone breki. "Ami, njoo utazame! Kila kitu kipya." Na kweli, diski mpya, pedi mpya, kalipa zimesafishwa zikapakwa rangi nyekundu. Na kila kalipa imefungwa kwa bolti mbili zinazong'aa kama kijiko cha harusi.

Nikamwuliza, "Hizi umezipata wapi?"

"Ni chuma kisichoshika kutu, ami. Zile za zamani zilikuwa zimeliwa na chumvi. Nimeona nitie zitakazodumu."

Nikavaa miwani, nikainama, nikasoma kichwa cha bolti. Imeandikwa A2-70. Nikamwambia, "Mwanangu, wajukuu wangu hawapandi gari hili mpaka bolti hizi zitoke."

Alinuna. Na haki yake, maana alikuwa amefanya kazi nzuri kwa nia nzuri, na safari ilikuwa kesho yake. Wake zetu walikuwa wamekwisha kuroweka nyama. Kuna aliyesema chinichini kuwa uzee unaleta wasiwasi. Basi acha nieleze hapa, kwa utulivu, yale ambayo siku ile niliyasema kwa ukali kidogo.

Nilisoma shule ya sekondari ya misheni kwenye vilima vya Taita, na baadaye nikarudi hukohuko kufundisha fizikia. Shule ilikuwa na Land Rover moja kuukuu na karakana moja, na karakana ilikuwa chini ya Bruda mmoja mwenye mikono mipana kama makasia. Naye alikuwa na kopo lake. Siku moja breki za mbele zilifunguliwa kutengenezwa, na bolti moja au mbili za kufungia sahani ya breki zikakosekana. Kopo likatoa zilizokaribia. Ziliingia vizuri, zikakazwa, gari likatembea wiki mbili bila neno. Wiki ya tatu, dereva akiteremka na magunia ya mahindi pamoja na mpishi wetu, alikanyaga breki kwenye kona. Bolti zikakatika, sahani ikazunguka na gurudumu, mpira wa mafuta ya breki ukang'oka. Land Rover lile la zamani lilikuwa na mkondo mmoja tu wa mafuta, kwa hiyo breki zote nne zikaondoka pamoja. Dereva akaligongesha gari kwenye kingo ya mlima makusudi, upande usio na bonde. Mpishi alivunjika mkono. Ingekuwa kona ya pili, tungezika watu wawili.

Jioni ile Bruda alilichukua kopo lake, akachimba shimo nyuma ya karakana, akalizika. Hakusema neno. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikaona kama anafanya mchezo wa kuigiza. Leo namwelewa.

Sasa hesabu, maana ualimu haustaafu. Chukua gari la kilo 2,500 pamoja na watu na mizigo yao. Ukifunga breki kwa nguvu barabarani, magurudumu yanalizuia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kama kilo 2,000. Uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele hubeba kama asilimia 70 ya kazi, yaani kilo 1,400, na kila moja kilo 700. Lakini pedi hazishiki gurudumu kwenye ukingo wake wa nje. Zinashika diski iliyo ndani, ambayo nusu kipenyo chake ni kama theluthi ya gurudumu. Kwa hiyo nguvu huzidishwa karibu mara tatu. Kalipa moja inasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani mbili, na inayoizuia isizunguke na diski ni bolti mbili zenye unene wa kidole chako cha mwisho.

Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Bolti nzuri haifanyi kazi kama msumari unaozuia kitu kwa ubavu wake. Inafanya kazi kama chemchemi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, na kule kuvutika ndiko kunakobana vyuma viwili mpaka vikawa kama kimoja. Msuguano wa vyuma vilivyobanwa ndio unaoizuia kalipa. Na msuguano ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya kubana, kwa hiyo mbano lazima uwe mkubwa mara kadhaa kuliko mzigo wenyewe. Bolti dhaifu haiwezi kutoa mbano huo. Ukiikaza sana inanyooka isirudi. Ukiikaza kidogo kalipa inacheza. Kila ukikanyaga breki inapigwa, ukiachia inapumzika, ikipigwa tena mpaka ufa unaanza pale penye meno. Ndiyo maana bolti mbaya haivunjiki siku unayoifunga. Inakungoja uizoee.

Kwa hiyo soma kichwa cha bolti kama unavyosoma karatasi ya dawa. Bolti za vipimo vya milimita huandikwa namba kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza zidisha kwa 100, unapata nyutoni ngapi kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho inavumilia kabla ya kukatika. Namba ya pili inakwambia ni kwa kiwango gani cha nguvu hiyo bolti huanza kunyooka isirudi. Basi 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kunyooka kwenye asilimia 80 yake, yaani 640. Ile 10.9 hukatika kwenye 1,000 na huanza kunyooka kwenye 900.

Na ile A2-70 ing'aayo? Hukatika kwenye 700, lakini huanza kunyooka kwenye 450. Nusu ya 10.9. Nusu! Kijana wangu alikuwa ametoa kitu kibaya kwa macho akatia kitu dhaifu kwa kazi. Chuma kile ni kizuri kwa jikoni na kwa kibao cha namba ya gari. Si kwa kalipa.

Wajapani nao wana desturi yao. Kwenye bolti nyingi za Toyota utaona namba moja tu, kama 7 au 9 au 11, na hiyo huzidishwa kwa kumi ikawa kilo kwa milimita ya mraba. Kwa hiyo 7 ni kilo 70, na 8.8 ni kama kilo 80. Nyingine hazina namba, zina mistari. Na zile zisizo na alama yoyote, za mlango na za kitanda, mara nyingi ni chuma laini cha daraja la 4.6. Bolti ya milimita 12 ya namna hiyo huanza kunyooka kwenye mvuto wa kama tani mbili. Ya 10.9 yenye unene uleule inabeba zaidi ya tani saba. Ukiziweka mezani pamoja, jicho haliwezi kuzitofautisha.

Hapo fundi shujaa atasema, "Basi ntatia 12.9, yenye nguvu kuliko zote." Nayo si jibu. Chuma kikizidi ugumu hupungua uvumilivu, na bolti za daraja hilo hazipendi kupakwa madini kwa umeme wala kutiwa kromu ili zipendeze. Hewa ya haidrojeni huingia ndani ya chuma wakati wa kupakwa, na isipofukuzwa kwa joto, bolti inaweza kukatika yenyewe siku chache baadaye, gari likiwa limesimama kivulini. Waliolibuni gari walipima wakachagua. Wewe tia walichochagua, usipunguze wala usizidishe.

Na usitegemee jicho. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga ikiwa na watu 87. Ikiwa juu angani, kioo cha mbele upande wa rubani kikang'oka, rubani akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akatua Southampton. Wote walinusurika, na rubani pia. Kioo kile kilikuwa kimefungwa upya kabla ya safari hiyo. Katika bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Fundi alikuwa mzoefu, lakini alichukua ya zamani mkononi akatafuta inayofanana nayo kwa macho. Na la ajabu zaidi, zile za zamani zenyewe hazikuwa sahihi, zilikuwa fupi.

Mimi hulifikiria hilo kila nikimwona mtu Sanaiya amesimama dukani na bolti yenye kutu mkononi, akisema, "Nipe kama hii." Nani alikwambia hiyo ndiyo yenyewe? Gari la miaka 30 limepita mikono mingapi kabla yako? Bolti uliyoitoa inaweza kuwa imetoka kwenye kopo la mtu mwingine.

Hata alama ya kichwani inaweza kusema uongo. Wamarekani katika miaka ya 1980 waligundua bolti nyingi zilizopigwa alama za daraja la juu ilhali chuma chake kilikuwa cha namna nyingine, kisichostahimili joto. Zilikuwa zimefika mpaka jeshini. Mwaka 1990 wakatunga sheria nzima kwa ajili ya bolti. Taifa lenye ndege na vifaru limekaa bungeni kujadili bolti, na sisi twaona haya kumwuliza mwenye duka maswali mawili.

Basi la kufanya ni nini? Chukua namba ya chesisi ya gari lako, nenda kwa wauzaji wa spea halisi, waambie unataka bolti za kalipa za gari hilo, mbele na nyuma. Watatoa namba ya spea, na hiyo ndiyo inayomaliza ubishi wa urefu, unene, meno na daraja. Ikiwa haipatikani, nunua kwa duka linaloweza kukwambia bolti imetoka kiwanda gani, na upime kila kitu. Meno, yaani hesi, yana vipimo vyake: bolti ya milimita 12 inaweza kuwa na hatua ya 1.25, 1.5 au 1.75. Isiyo sahihi huingia mizunguko miwili kisha hugoma, na hapo ndipo spana ndefu huletwa na tundu likaharibiwa. Tazama pia shingo isiyo na meno, isije ikawa fupi ukawacha meno pale vyuma viwili vinapokutana. Ile bolti yenye tundu ndani, inayopitisha mafuta ya breki kuingia kwenye kalipa, haina mbadala wa kawaida, na washa zake za shaba hubadilishwa kila ikifunguliwa.

Kukaza nako kuna kipimo chake, na kitabu cha gari kinacho. Tumia spana ya kupimia nguvu. Usipake grisi kwenye meno ikiwa kitabu hakikusema, maana meno yenye mafuta huteleza na bolti huvutika zaidi ya ulivyokusudia kwa nguvu ileile ya mkono. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye kalipa. Baada ya safari ya kwanza, inama utazame: mstari ukiwa umevunjika, bolti imetembea.

Nawajua wasomaji wangu, na najua majibu yenu. La kwanza ni hili: "Mwalimu, mchangani twaenda polepole." Kweli, na mchangani dereva mzuri hutumia gia zaidi kuliko breki. Lakini mchanga haukuleti nyumbani. Baada ya kushuka mlima wa mwisho na kujaza upepo magurudumu, mnaingia barabara ya Mesaieed saa tano usiku, watoto wamelala nyuma, malori mbele yenu, na gari limetoka kupigwa na mawimbi ya mchanga siku nzima. Ile chumvi ya sabkha na maji ya pwani iliyoila bolti ya kwanza inaila na ya pili.

La pili: "Gari limepita Fahes." Alhamdulillah, na lipite kila mwaka. Lakini mkaguzi anapima kama breki zinashika leo. Hakufungui kila bolti akasoma kichwa chake. Hiyo ni kazi yako wewe mwenye gari.

La tatu ndilo linalonisumbua: "Fundi wangu ana miaka ishirini Sanaiya. Nikimwuliza ananiambia mia mia, baba." Mimi nawaheshimu mafundi wale. Wamekuja kutoka mbali, wanafanya kazi ngumu kwenye joto, na wengi wana mikono ya dhahabu. Lakini tujiulize tunawabana vipi. Tunawapa gari Jumatano tukalitaka Alhamisi. Tunabishana nao kwa riyali ishirini. Bolti isipopatikana, fundi afanye nini naye anajua ukikosa gari lako utamtangaza mji mzima? Atatia mkono koponi. "Mia mia" yake ni jibu la haraka yetu. Ukitaka aseme "Ngoja mpaka Jumamosi, baba, spea haijafika," basi lazima yeye awe na hakika kuwa hutomfokea.

Tunamfunga ngamia kwanza, kisha ndiyo tunatawakali. Na wengi wetu siku hizi tunatawakali na kamba bado mkononi.

Turudi kwa mwanangu. Safari iliahirishwa. Nyama iliyoroweshwa ilichomwa uwani, watoto wakalala kwenye hema lililofungwa kati ya gari na ukuta, na sikuwasikia wakilalamika. Jumapili alikwenda na namba yake ya chesisi. Bolti nne za mbele hazikufika riyali mia moja na hamsini. Kile kiti kimoja cha ngozi alichonionyesha kwa fahari kilimgharimu zaidi ya mara kumi. Alipozitoa zile za kung'aa, moja ilikuwa imekwisha kujikaza kwenye meno, maana chuma kile kina tabia ya kushikana, na alihangaika nayo mpaka magharibi. Tundu lilipona, kwa bahati.

Baada ya kufunga zile mpya na kupiga mistari ya rangi, aliniita tena. Hakusema "kila kitu kipya". Alinipa tochi akasema, "Ami, soma mwenyewe." Nikasoma zote nne. Kisha tukachukua zile zing'aazo tukatafuta pa kuziweka. Yeye alitaka kuzitia kwenye kopo. Nikamwambia sawa, lakini andika juu ya kopo kwa wino mweusi, kwa Kiswahili na Kiarabu: si ya gari.

Wiki iliyopita tulikwenda Sealine. Nilikaa kiti cha nyuma na wajukuu wanne. Kurudi, mbele ya Mesaieed, lori likaingia ghafla kwenye njia yetu, na mwanangu akakanyaga breki kwa mguu wote. Vyombo vilimwagika, mdogo wao aliamka akalia, chai ikaniunguza goti. Gari lilisimama.